Jiwe la Mama Neema

Yaya Riziki, mkubwa wangu,

Pokea salamu zangu toka mji wa Baraka, tuko wazima. Nilikuwa nimepanda Fizi kumwona Mama Neema, jirani yetu wa zamani. Tangu vita viunguze nyumba yake, anaishi na mama mkwe ndani ya basi lao dogo, pamoja na friji waliyoiokoa. Kifaa fulani kinageuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na sindano za ugonjwa wa sukari za bibi huyo zinabaki baridi.

Basi lilisimama kwenye mteremko, jiwe chini ya gurudumu. Ndani kila kitu kililala upande, hata mchuzi kwenye sahani! Friji peke yake ilikuwa wima, juu ya matofali.

"Mama, juu ya nini hauweke gari fasi ya sawa?" nikamwuliza Mama Neema, nikimwonyesha uwanja tambarare pale karibu.

"Friji inakulaka betri yote, mutoto wangu. Siku ya kukimbia, gari itawaka na nini?"

Siku hiyo ikawa jana asubuhi. Risasi zikalia. Mama Neema akageuza ufunguo: injini kimya. Nikatoa jiwe, basi likaanza kuteremka.

"Beba jiwe!" akapiga kelele.

Niliurukia mlango na jiwe kifuani. Chini kabisa Mama Neema akatia gia, injini ikakohoa, ikashika. Bibi aliikumbatia friji njia nzima.

Baraka ni tambarare, Yaya. Tumezunguka mpaka tukapata kilima kidogo cha kuegesha basi, na jiwe letu chini ya gurudumu. Nibusie watoto, na usicheke mistari yangu ikipinda: ninaandikia ndani ya basi.

Mdogo wako, Amani