Tope la Chini ya Wavu wa Shaba

Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Na mimi mwenyewe leo si wa kuchezewa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mfugaji wa samaki huku kwenye ukame, jirani na Issuna, mahali ambapo ukisema una samaki watu wanakuuliza umerudi lini kutoka Mwanza. Kikundi chetu kina vizimba kwenye bwawa la kijiji. Kizimba ni kama banda la kuku, ila kinaelea, na kuta zake ni nyavu. Ndani tunafuga sato.

Msimu uliopita muuzaji mmoja alituletea wavu wa aloi ya shaba, yaani shaba iliyochanganywa na metali nyingine, tuujaribu kwenye kizimba kimoja. Mimi ndiye niliyeupigania. Nyavu za nailoni zinaota utelezi wa kijani, tunasugua mpaka mikono inachubuka, na kenge akizitoboa samaki wanaondoka zao. Huu wa shaba hauoti kitu. Kenge kajaribu, kaacha. Nimeusifia mpaka watu wakaanza kuniita Mama Shaba. Leo kikundi kilikuwa kikae kuamua kama vizimba vyote vivalishwe shaba.

Nilifika bwawani mapema, nikamkuta shangazi Tatu anapigilia kigingi kwenye tope.

Lazima nieleze. Kiangazi maji ya bwawa yanarudi nyuma, na tope linalobaki wazi wanawake hugawana vipande, wakapanda viazi vitamu na mboga. Wajane huchagua kwanza, na shangazi ni mmoja wao. Ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi zetu. Na sisi wa samaki, maji yakipungua, tunavuta vizimba kwenda kwenye kina, kwa kelele na vigelegele. Hakuna anayegeuka kuangalia tulikotoka.

Nilimwamkia, akaitikia huku anacheka.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka huu nimewawahi wote. Hapa mlipoweka kizimba pana mbolea ya samaki, viazi vitakuwa kama kichwa cha mtoto!"

Kigingi kilikuwa pale pale kilipokaa kizimba cha shaba.

Niliogopa. Niseme tu ukweli, niliogopa.

Muuzaji hakutudanganya. Alisema wazi kwamba shaba hutoka kwenye wavu kidogo kidogo, na sehemu yake hushuka na kushikana na tope la chini. Lakini alikuwa anazungumzia vizimba vya baharini, penye kina kirefu na mkondo wa kuitawanya. Kule chini hakuna mtu anayelima. Sakafu ya bwawa letu huibuka kila mwaka, ikalimwa, na kondoo wakaingia kula majani ya viazi. Nilifundishwa chuoni kwamba kondoo hawahimili shaba nyingi. Inajikusanya kwenye ini kimya kimya, mnyama anaonekana mzima, halafu anaanguka.

Sijui kama tope lile lina shaba ya kudhuru. Labda halina. Kinachoniudhi ni kwamba sijui, na nilishangilia hivyo hivyo.

Kikaoni niliomba wavu mpya usubiri mpaka tope lipimwe. Mwenyekiti wetu, mzee Jumanne, alinitazama kama mtu aliyelishwa chumvi.

"Si wewe uliyetuimbia shaba mwaka mzima? Leo imekuwa sumu?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasema haijawa sumu, haijapimwa. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba nimeanza kuringa. Tulivutana mpaka jua likawa kali, mwishowe wakakubali nyavu zisubiri. Kuhusu kile kipande cha shangazi, nilichotaka kisilimwe kwanza, mzee Jumanne aliniambia hilo ni la shangazi yangu, nikalimalize mwenyewe.

Nilirudi kwa shangazi nikamweleza yote, taratibu. Hakukasirika nilivyotarajia. Aliumia, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Kwa hiyo wa kunyimwa ni mjane?"

Nikampa kipande changu ninacholima kila kiangazi, mbali na vizimba. Akasema kina mawe, na ni kweli kina mawe. Nikamwambia nitayatoa mimi. Aling'oa kigingi chake, akajitwisha kikapu, akaondoka bila kuniaga. Huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa anaumwa.

Nililia kidogo. Kisha nikavua viatu nikaingia kwenye tope.

Nimechota kwa bakuli la plastiki, si kwa jembe, ili chuma kisichafue kipimo. Nimechota pale kilipokaa kizimba cha shaba, pale kilipokaa cha nailoni, na ng'ambo ambako hakujawahi kukaa kizimba chochote, ili walinganishe. Jumatatu napeleka mjini maabara. Kesho baada ya ibada naanza na mawe ya shangazi, hata kama hatanisemesha.

Jibu likija zuri, watanicheka, na wacheke tu, nitacheka nao. Likija baya, mimi niliyeupigania wavu ndiye nitakayesimama kusema utolewe. Nimeshapanga nitakavyoanza. Nitasema shikamooni wazee wangu, nisubiri waitikie, halafu niseme: nilikosea, tuutoe.