Chungu na Sahani

Bukavu, mvua tangu asubuhi

Nabintu mudogo wangu,

Unisalimie mama na mbuzi zake. Mambo ni hii: bwana yangu ameninunulia pete. Alichoka kusikia jirani yetu Maman Furaha akisema ile ya zamani niliiondoa ku rideau, pete ya kutundikia pazia.

Unamujua, ni mutu wa kuuza zahabu, anaamini mizani tu. Ku duka ya muuzaji alitia almasi mbili za pete mu mizani, kila moja ikalingana na njiti mbili za kibiriti. Akakasirika: «Citoyen, uzito ni moja, juu ya nini hii inaonekana kubwa?»

Muuzaji akacheka. «Papa, ile ilichongwa kama chungu, uzito imejificha mu tumbo. Hii ilichongwa kama sahani, imejitandaza. Lakini katikati haingʼai sana.»

Bwana akataka chungu. Mimi nikachukua sahani. Maman Furaha haendake ku misa na mizani.

Dimanche, ku misa, wakati wa kupeana amani, nitamusalimia kwa heshima yote, mukono wa kushoto juu ya ule wa kuume, pete mbele ya macho yake. Kisha nitauondoa mbio, kabla aone katikati ya almasi haingʼai. Atasema Bukavu imenifundisha adabu. Wewe usicheke.

Mungu akuchunge,
yaya yako