Mfano wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Daftari la "run" limejaa leo. Miaka miwili nafukuzana na neno moja! Pua ina-run. Bomba lina-run. Mama Machage ana-run mgahawa. Barabara ina-run kutoka Nyamwaga hadi Genkuru. Waingereza bwana, hawachoki. Form Two wangu maneno marefu wanayameza, haka kadogo kanawatoa jasho. Ndiyo maana kila maana nimeitungia mfano wa huku kwetu.

Maana rahisi kuliko zote, ya kukimbia kwa miguu, niliiacha ya mwisho. Niliiogopa. Leo nimeiandika ilivyokuwa, mfano wa arobaini na moja: mama alinipa ndoo, ndani kaficha viatu vyangu, akasema kimbia.

Desemba 2012. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, kesho yake nikeketwe. Nyumbani wote wanajua nilitumwa maji nikatoroka kwa akili yangu. Shangazi tu ndiye hadi leo anauliza: viatu huyu mtoto alivitoa wapi? Mama huinuka kwenda kuchochea moto.

Rahima kaomba daftari. Tunafundisha Kiingereza pamoja, tunakaa nyumba moja, chumvi yetu moja. Anataka kuona nilivyopanga, basi. Nimempa.

Jumatano, 16 Julai

Rahima yuko semina ya walimu, Tarime mjini. Mchana video ikaingia kwenye grupu. Nikafungua nacheka — ni daftari langu! Anasoma mfano mmoja mmoja, ukumbi unapiga makofi. Akafika wa arobaini na moja. Mtu akamuuliza kaupata wapi.

Eti kautunga tu.

Kautunga! Mwalimu mkuu kaja kunipongeza, mwenzangu katutoa kimasomaso. Nikasema asante. Sijui mdomo ulipata wapi nguvu.

Alhamisi, 17 Julai

Karudi na mkate na soda. Nikamuuliza. Kwanza akacheka, halafu akaona sura yangu.

Anasema alinilinda. Angetaja jina langu, wote wangejua ni mimi niliyekimbia. Kunilinda! Na ile ya pua, nayo ulikuwa unanilinda? Baadaye akasema mimi nina mengi ya kusimulia, yeye hana kitu, na kwa mara ya kwanza watu walimsikiliza. Akalia. Sikumbembeleza. Mkate uko mezani, sijaugusa.

Ijumaa, 18 Julai

Heche kapiga simu. Mtoto wa shangazi, naye mwalimu, alikuwa ukumbini. Taratibu kabisa: dada, vile viatu si ndivyo vile vyekundu mama anavyoviuliza hadi leo?

Nikanyamaza. Nikajua nimeshajibu.

Nikamwomba asimwambie mama yake. Akasema, aa, dada, jana nilimuuliza kidogo tu.

Kidogo tu!

Jumamosi, 19 Julai

Simu ya mama haipatikani tangu alfajiri. Saa nane akapiga mwenyewe. Nikasema shikamoo mama. Hakuitikia.

Shangazi alifika asubuhi na wazee wawili wa ukoo. Kesho saa nne kikao. Shangazi anataka mama arudishwe kwao: mke aliyemdanganya mumewe miaka yote hii atadanganya na lipi tena? Baba hata chai kaiacha.

Mama akauliza, uliandika?

Nikaanza: mama, ni Rahima, nilimwazima daftari tu, akaenda —

Akanikata. Sijauliza Rahima. Nakuuliza wewe.

Nikasema ndiyo.

Akashusha pumzi. Usije huku, akasema, mimi ni mtu mzima. Akakata.

Nimemchukia Rahima siku tatu, kwa haki yangu kabisa. Lakini yeye aliahidi nini? Hakuna. Mimi ndiye niliyemwapia mama kwamba sitamwambia mtu, mlangoni pale, ndoo iko kichwani. Miaka kumi na mbili kaficha. Mimi nimeandika kwa kalamu, nikaweka na namba.

Jumapili, 20 Julai

Sijalala vizuri. Rahima kagonga mlango wangu, anataka twende wote, akaseme mbele ya wazee kwamba mfano ule kweli aliutunga mwenyewe. Nikamwambia aende kanisani — hata si Mkristo! Hasira imenivuruga. Kanifuata hadi barabarani, kasimama upande wa pili.

Saa mbili na nusu. Bodaboda ya kwenda nyumbani, Genkuru, inakuja. Mama kakataza nisije. Kwa hiyo naenda.

Nimebeba ndoo. Ndani nimeweka viatu vyangu vya raba, vile vipya. Mama anavaa namba yangu.