Kilichonifanya Nizame na Ile Nyambizi

Mama Kerubo,

Mimi sasa nina miaka themanini na sita. Nimemaliza meno, nimemaliza mafahali wanne, nimemzika daktari aliyeniambia nipunguze chumvi. Hata ile nyambizi imekatwa vyuma chakavu, na mimi bado napanda kwenda Nyamira bila fimbo. Ni wewe tu sikutaka kubaki nyuma yako.

Naandika kwa mkono wangu, darasa la tatu langu linatosha. Tangu jana situlii. Nakaa, nasimama, naenda kuangalia ng'ombe ambaye hana shida, narudi. Kerubo wetu anaandika historia ya familia, isomwe Sabato hii wajukuu wakiwa wote nyumbani. Nikamwambia aandike: baba alizama baharini ndani ya nyambizi. Akacheka. Akatoa simu akanisomea maisha ya ile nyambizi. Ilijengwa nchi ya baridi, ikalinda bahari ya wenyewe miaka mingi, ikauzwa nchi nyingine, ikatumika tena, ikakatwa. Mombasa imepewa mstari mmoja: ilipita kutengenezwa betri.

"Sasa baba, wewe uko wapi hapa?"

"Niko ndani ya huo mstari."

"Vibarua hutolewa kabla haijazama. Wewe ulibaki kufanya nini?"

Nikaenda kuangalia ng'ombe. Sababu unaijua.

Unakumbuka baba yako ndiye alinipatia kazi bandarini, yeye akiwa msimamizi wa vibarua. Hizo betri hazikuwa za gari. Moja ilinifika kifuani, inashushwa kwa winchi kupitia tundu, na huko chini panatakiwa mtu mwembamba mwenye nguvu wa kuielekeza. Walitafuta bandari nzima wakanipata mimi. Juu ya maji ile kitu ilienda kwa dizeli, ikijaza betri. Chini ilienda kwa betri peke yake. Kwa hiyo bila mimi haizami, hilo hata wazungu walijua.

Joto la mle ndani lilikuwa la tanuri. Nguo tuliziacha juu sote, msimamizi na kibarua. Siku ya mwisho wakaita watu wote watoke, wanataka kwenda kuijaribu. Natembea kwenye ule ujia, namwona baba yako anakuja mbele yangu akihesabu watu. Ujia wenyewe ni wa mtu mmoja. Wawili wakipishana lazima wasuguane matumbo. Na mimi niko na chupi tu. Mama Kerubo, chinsoni yetu, ile heshima ya kuoneana haya, inakataza mkwe hata kukaa kwenye kitanda cha baba mkwe, itakuwa kumsugua tumbo? Nikajitupa kwenye kitanda cha baharia, nikavuta pazia, nikangoja apite.

Hakupita. Aliona miguu yangu chini ya pazia. Nilimsikia akikohoa kidogo, kisha akageuka, akapanda, akawaambia wazungu, "Wote wametoka." Angemwitaje mkwe aliye na chupi? Alifikiri nitamfuata.

Mfuniko ukafungwa. Injini zikazimwa, masikio yakaziba, pakawa kimya hata nikasikia tumbo langu. Nilizama. Nilikaa huko chini mpaka baharia akaja kulala akanikuta.

Nilirudi nyumbani na ovaroli ya baharia mrefu, miguu nimeikunja mara nne.

"Baba Kerubo, nguo zako ziko wapi?"

"Zilikuwa juu. Mimi nilikuwa chini."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Halafu ukaacha kucheka. "Usimwambie mtu kilichokuweka humo. Ni baba. Watamfukuza kazi, na kwetu watamcheka."

Nikakubali. Ndiyo maana miaka hii yote nimesema nilizama bila kusema kwa nini, na watu wameniita mwongo. Kule kwenu Suneka shemeji zangu wakianza kunicheka, baba yako alikuwa anainuka, anaenda kuangalia migomba yake. Na wewe ulinimiminia chai nyingine.

Sasa yeye hayupo, wewe hupo, na ahadi nimebaki nayo peke yangu. Nikifa hivi, nakufa mwongo. Asubuhi hii nimemwita Kerubo nikamwambia yote: chupi yangu, pazia, miguu. Ameandika bila kucheka. Halafu akauliza, "Na babu, alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia hilo halimo kwenye historia.

Ukikasirika, nitakusikiliza nikifika. Usiharakishe, bado nina kahawa ya kuchuma.

Mume wako,
Baba Kerubo

Shahidi: dada yako Bosibori, Mosocho. Ndiye aliyekata miguu ya ile ovaroli, na vipande vyake bado anashikia sufuria.