Kifungu cha Kumi na Moja

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Natumai goti limepata nafuu tangu upasuaji, na Shangazi Berit bado anakuletea supu ya viazi hata ukimwambia umeshiba. Mimi ni mzima, ila nimepigwa marufuku kukanyaga ofisi niliyoitumikia miaka kumi na tisa.

Mwezi uliopita nilikwenda Bunge la jimbo kutoa ushahidi juu ya muswada wa kuisuka upya Tume ya Samaki na Wanyamapori. Unajua viti vile saba wanavyogawiana: marafiki wa gavana na wenye kambi za uwindaji, basi. Niliwaambia wabunge kwamba msimu huu Mto Kessler tulihesabu samaki wa asili aina ya samoni mia mbili na kumi na mmoja tu, na kwamba vifaranga vya samaki tunavyokuza vituoni na kumwaga mtoni kila mwaka ndivyo vinavyowamaliza kwa kuwanyang'anya chakula. Ripoti zangu nne Tume imezikalia.

Mwenyekiti wa Tume, Dwight Pruett, alikuwepo. Akasema kwa sauti, "Hivi wewe binti Torvik, baba yako anajua unamtukana hadharani? Kituo kile cha vifaranga kina jina lake mlangoni!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamjibu kwamba baba yangu alinifundisha kuhesabu samaki waliopo, si wale tunaotamani wawepo.

Wiki iliyofuata muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili. Nami Tume ikaniletea barua ya kuomba radhi, imeshaandikwa, imebaki sahihi yangu tu. Nilikataa. Wakanifukuza.

Sasa Baba, kaa kwanza. Magazeti yanasema kifungu cha kumi na moja cha muswada ule, kinachofunga vituo vyote vya Mto Kessler kuanzia na chako, kiliandikwa na wanasheria. Si kweli. Nilikiandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwako, siku ya Krismasi, wewe umesinzia sebuleni. Niliogopa kukuambia. Lakini sifuti hata neno moja. Miaka thelathini uliyokiongoza kituo kile naiheshimu. Samoni hawana thelathini nyingine ya kungoja.

Wasalimie wote kanisani, hata wanaonisema. Nakuja Jumapili. Ukinifungia mlango nitakaa barazani mpaka ufungue. Kiti nakuja nacho mwenyewe.

Ni mimi binti yako, mbishi kama wewe,
Thora