Mdomo wa Shangazi Yako, Sauti Yako

Nyumbani,
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Wewe ni mtu wa namna gani? Tangu tulipomzika babu yako hujakanyaga mlango huu. Kila jioni nakuona kwenye televisheni na tai yako, unawaamkia watu wa nchi nzima, lakini bibi yako humkumbuki. Haya, hujambo? Unakula? Hiyo kola inakucheza shingoni. Mimi mzima, goti tu ndilo linaniletea ubishi. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwonya asinipunguzie neno.

Sasa nisikilize, nina donge rohoni.

Juzi mheshimiwa alikuja hospitali kuomba kura. Nilikuwepo, nimepeleka goti. Shangazi yako akatoka wodi ya wazazi na aproni yake, akamwambia, "Shikamoo mheshimiwa. Wazazi wanalala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Vile vitanda ulivyotuahidi viko wapi?" Basi. Mheshimiwa akatabasamu, akaingia garini.

Jioni tukakaa kuangalia taarifa yako ya habari. Namwona shangazi yako, mdomo unafunguka na kufungika, sauti yake hamna. Sauti ni yako wewe, unasema mhudumu aliyetumwa na wapinzani amemtolea mheshimiwa matusi. Halafu makofi! Makofi ya nani? Wale mliowaonyesha walikuwa uwanjani na fulana za chama. Pale kwetu ni wagonjwa watupu, nguvu za kupiga makofi wazitoe wapi?

Shangazi yako alicheka kwanza, akidhani umekosea. Kisha akainuka, akazima televisheni. Amesimamishwa kazi. Ijumaa anaitwa mbele ya wakubwa wa hospitali akaeleze nani alimtuma. Muuza duka keshampa jina, Kipaza Sauti cha Kukodi.

Nilipokupigia ukaniambia, "Bibi, mimi nasoma tu ninachopewa." Hivi huyo hukumtambua? Mgongo uliokubeba huujui? Yule mgombea wa upande wa pili akikohoa tu mnatuonyesha mpaka koo. Huyu akikimbia swali mnamwazimia makofi.

Najua mkubwa wako ni mkali na kazi hazipatikani. Sikuombi ugombane na mtu. Lakini picha nzima, yenye sauti ya shangazi yako, mnayo huko. Ilete kabla ya Ijumaa, wakubwa wake waisikie kwa masikio yao.

Msalimie mkeo, na mbusu yule mtundu wenu wa mwisho. Mama yako anakusalimu, ingawa amekununia. Shangazi yako hajaniambia nikusalimie, na mimi simsemei. Mungu akufungulie njia, akutie na ujasiri wa kuipita.

Ukija usianzie kwangu. Nenda kwake moja kwa moja, zima simu, keti, mwache aseme mpaka amalize. Wewe usitie neno.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Bibi