Mikono Mitatu Kwenye Bawa

Arusha, shuleni

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Nijulishe goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze, na kama Baba bado anafuata samaki Tumbe kwa baiskeli ile ile. Mie mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku. Nalala na soksi.

Mama, wajua darasani sisemi. Basi muhula huu Mwalimu Neema, wa historia, alitutaka tuandike habari za kiwanda chochote cha zamani. Nikachagua kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikiunda ndege ndogo za abiria, za mbao na kitambaa, mpaka zilipokuja za bati kikafungwa. Moja iko hapa karakana ya uwanja wa ndege, na fundi, Mzee Lyimo, anaifufua. Kitabu cha maktaba kinasema ndege za mwanzo, hii ikiwamo, mwenye kiwanda aliziunda peke yake, hata mabawa akayashona mwenyewe.

Tulipokwenda na darasa kuitazama, utepe unaofunika mishono ya bawa ulikuwa umeshabanduliwa, uzi wote uko nje. Nikainama. Mama, ile ilikuwa mishono ya watu watatu! Mmoja anakaza kama jirani yetu Bi Time anavyokaza matundu ya kofia mpaka kitambaa kinakunjana. Wa pili mshono wake umetulia. Wa tatu ni mashoto, uzi umelalia upande mwengine. Nikaandika hivyo kwenye insha.

Mwalimu akaizungushia aya ile wino mwekundu. "Raya, chanzo chako kiko wapi? Ifute, au kesho uitetee mbele ya wenzio, pale pale kwenye bawa."

Nilishachukua karatasi nyengine niandike upya. Lakini ningekuwa naandika uongo ninaoujua. Kesho yake nikaenda karakana.

"Tangu lini uzi ukasema, we Mpemba?" Baraka akanicheka, na darasa zima likamfuata.

"Hausemi, unaonyesha," nikajibu. "Mamangu ukimpa kofia iliyoshonwa na watu wawili, anakwambia nani kaanza na nani kamaliza. Njoo utazame."

Nikamwonyesha, mshono kwa mshono. Akainama, akatazama sana.

"Huyu kweli mashoto," akasema. "Kama mie."

Mzee Lyimo akachukua kisu. "Kitambaa hiki ningekitoa wiki ijayo. Wacha nikitoe leo."

Alipokifunua, kwenye ubao wa ndani tukakuta majina ya wanawake watatu kwa penseli: Edith, Mabel, Rose. Mzee Lyimo akavua kofia yake. Mwalimu Neema akasoma majina yale mara mbili, akaniambia niiache aya yangu, niongeze na majina, na Jumatatu niisome mbele ya shule nzima.

Nimeisoma, Mama. Kwa sauti, mpaka walio nyuma wakasikia. Mwishoni yanatajwa marejeo ya insha, nami nikayasoma yote: kitabu cha maktaba, Mzee Lyimo, na juu yao wote, jina lako: Bi Asha Khamis, mshona kofia, Shumba Viamboni, Pemba.

Nisalimie Baba, bibi, na mdogo wangu Salum. Bi Time pia, ila nililosema juu ya uzi wake usimwambie.

Akuhifadhi Mola.

Mwanao akupendaye,
Raya